Mkono wa Mwavita na Suruali ya Rutayisire

Ukimkosea Tantine Mwavita, afadhali uhame. Na ukihama usivuke mto kwenda Bukavu, maana Bukavu ndiko alikozaliwa. Ana wajomba Kadutu, ana mashangazi Nyawera, na pale Rusizi ya Kwanza, mpakani penyewe, wabeba mizigo wanamsalimia kwa jina. Hamia Bweyeye, pembeni ya msitu, kule ambako hata barabara huchoka kabla ya kufika. Labda huko atakusahau. Sina uhakika.

Ni fundi wa nguo hapa Kamembe, juu kidogo ya soko, katika mtaa wetu wa Waislamu ambamo Kiswahili kinaanza na chai ya asubuhi na kuishia kwenye ugomvi wa mwisho wa siku. Mume wake anachomelea milango ya chuma kibanda cha pili. Cheche zinaruka, cherehani inalia, na kati yao wawili anayesema ni mmoja tu. Hamhitaji kuuliza ni nani.

Kisasi chake hakina kelele. Tantine hamkamati mtu shati, humshonea. Mwalimu mmoja wa kwaya aliwahi kumwambia, mbele ya waimbaji wake wote, kwamba mishono yake ni ya kijijini. Tantine akacheka, akasema "asante Papa," akashona kanzu za kwaya nzima zikapendeza. Ya mwalimu ilipendeza kuliko zote, mpaka alipoinua mikono kuongoza wimbo. Pindo likapanda mpaka magotini, soksi zikatoka hadharani, na moja ilikuwa na tundu. Watu waliimba Pasaka nzima macho yakiwa chini. Alipokuja kulalamika akajibiwa kwa upole, "Papa, kanzu iko sawa. Mikono yako njo iko mirefu sana."

Kwa hiyo ugonjwa ulipomwingia, nao aliuchukulia kama mtu aliyemkosea. Ilianza na uvimbe shingoni, wakasema ni saratani ya tezi, akapelekwa hospitali kubwa mbali na hapa, akawa anaenda na kurudi, anaenda na kurudi. Dawa zile zinaingia mshipani na ni kali. Mishipa ya mikono yake iliungua ikawa migumu kama kamba za viatu vya zamani, sindano ikigusa inateleza. Madaktari wakaona hapana, wakamwekea mpira: mrija mwembamba unaoingia chini ya mfupa wa bega, unafuata mshipa mkubwa mpaka mlangoni mwa moyo, na huku nje, kifuani, unaacha mikia miwili yenye vifuniko. Sokoni wakaiita antena.

"Tantine, leo unashika Kigali ao Bukavu?"

"Ninashika maneno yenu yote," alikuwa anajibu, "na ninayarekodi."

Dawa zilipokwisha, ikabidi apigwe picha ya skana ili ijulikane kama tezi zimelala au zimejificha tu. Akatumwa kliniki moja ya hapa hapa mjini. Siitaji, wanaoijua wanaijua. Picha ile inahitaji kitu wanachokiita dawa ya rangi. Usidanganyike na jina, haina rangi hata kidogo, ukiitazama kwenye chupa ni kama maji. Lakini ikiingia katika damu, kwenye picha mishipa na tezi zinawaka nyeupe, kila kitu kinaonekana. Sharti lake ni moja: iingie haraka. Mkono wa mtu hauwezi kuisukuma kwa kasi ile, kwa hiyo inasukumwa na pampu, na pampu haina huruma.

Hapo ndipo alipokutana na Rutayisire.

Rutayisire ndiye fundi wa picha. Kijana mrefu, koti jeupe, viatu vinavyong'aa mpaka unajiona ndani. Ni mtu wa Bweyeye. Kiswahili alikipatia kazini Kamembe, na akakipenda vile mtu anavyopenda baiskeli mpya: anaipanda hata pasipo na njia. Tantine naye Kinyarwanda chake, pamoja na miaka yote ya kuolewa ng'ambo hii, kinaelewa bei na matusi, basi. Wakakutana katika Kiswahili, na bora wasingekutana.

Tantine akafungua kitenge, akamwonyesha mikia miwili. "Njia ni hii hapa. Tia dawa yako."

"Hapana, maman. Hii mpira haikubali presha. Pampu inasukuma na nguvu, itapasukia ndani."

"Na mushipa wangu? Yeye anakubali presha?"

"Mshipa ni mshipa, maman."

Akatafuta mshipa. Alipigapiga ngozi, akafunga mpira wa kubana, akachoma hapa, akachoma pale, jasho likamtoka yeye badala ya mgonjwa. Mwishowe akapata kamstari kembamba kwenye mkono wa kulia, chini ya kiwiko, akashangilia kama amepata mafuta ya petroli. Kisha akamwelezea vile wanavyowaelezea wote: "Utasikia joto mwili wote, kama umejikojolea. Ni kawaida. Usiogope." Akaingia chumba chake nyuma ya kioo, akabonyeza.

Pampu ikasukuma. Mshipa ukapasuka papo hapo, na dawa yote ikamwagika chini ya ngozi.

"Moto!" Tantine akapiga kelele. "Ninasikia moto!"

Sasa fikiria. Ameambiwa atasikia joto. Anasema anasikia moto. Yule aliye nyuma ya kioo, macho kwenye skrini, akabonyeza spika na kumjibu, "Ni kawaida, maman. Vumilia."

"Hii hapana kawaida! Mukono! Iko inaniunguza mukono!"

"Vumilia kidogo, inaisha."

Ikaisha kweli. Ilipoisha, mkono ulikuwa umeumuka kama unga uliotiwa hamira, ngozi imekaza inang'aa kuliko viatu vya Rutayisire. Ikabidi wamkimbize hospitali wamchane ili presha itoke. Kidonda kilipopona, kovu likabaki limelala kutoka kiwiko mpaka karibu na kiganja, na vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, vikakataa kukunjika. Kwa mwingine ni bahati mbaya tu. Kwa fundi wa nguo, hivyo ndivyo vidole vinavyoshika sindano. Siku hizi anaishika kati ya kidole gumba na cha pete, kama mtu anayeokota mdudu, na kazi aliyokuwa anaimaliza asubuhi inamchukua siku nzima. Na picha yenyewe ilitoka nyeusi, haina maana, kwa sababu dawa ilibaki mkononi, haikufika kwenye damu.

Lakini si mkono uliomfanya aape. Ni neno.

Alipokuwa amelazwa akisubiri kupelekwa, Rutayisire alikuja, akasimama kando ya kitanda, akatazama ukuta. Akasema, "Vumilia, maman. Vumilia sana." Akageuka akaondoka. Hakuna mwingine wa kliniki aliyesema chochote.

Kwa Kiswahili chetu, pole ni bure. Ukijikwaa unapewa pole na mtu ambaye hata jiwe si lake. Ukipiga chafya unapewa. Mvua ikinyeshea nguo zako kwenye kamba, mtaa mzima unakuja na pole kabla ya kuja na mikono ya kukusaidia kuanua. Sasa mtu anakuchoma mkono, anakuja, anakwambia vumilia!

"Vumilia!" Tantine alikuwa anawaambia wateja, akiwaonyesha kovu kama anauza kitambaa. "Mutu anagonga mutoto yako na pikipiki yake, anashuka, anapanguza taa ya pikipiki, anakuambia 'vumilia'. Nitamuvumilisha yeye. Mutaona."

Tukasubiri. Siku zikapita. Sisi tunaoshinda kibandani kwake tukaanza kusahau. Yeye alikuwa anarekodi.

Kisha akaja Jolie. Msichana mzuri wa Muganza, baba yake anafanya kazi kwenye machimbo ya saruji, yeye anafundisha watoto wadogo hapa Kamembe. Alikuja na kitambaa cha nguo za wasichana wa kumsindikiza, na kingine cha buluu iliyokolea, kizuri, cha suti ya mchumba wake. Posa ilikuwa karibu. Akatoa simu kutuonyesha bwana mwenyewe.

Tantine akaitazama ile picha. Akanywa chai. Akaitazama tena.

"Mwanaume muzuri," akasema. "Anafanya kazi gani?"

"Ni wa skana, Tantine. Kule kliniki."

"Eeh! Anapiga batu picha za ndani. Kazi ya heshima." Akakunja kile kitambaa taratibu, akakilaza magotini kama mtoto aliyelala. "Mulete nimupime."

Rutayisire akaja kupimwa. Na hapa ndipo nilipojua kwamba amekwisha. Hakumtambua. Alimchoma, alimwona akilia, alisimama kando ya kitanda chake, na sasa alisimama mbele yake amenyoosha mikono, futi inamzunguka kiuno, anatabasamu, hana habari. Tantine alikuwa amevaa mikono mirefu, ndiyo. Lakini uso ni ule ule. Siku ile alikuwa anatazama skrini.

"Maman, suruali ibane kidogo," akasema. "Njo mtindo. Jolie anapenda ibane."

"Ibane?"

"Ibane kabisa."

"Umesema weye, Papa," Tantine akamwambia. "Mimi nashona vile mutu anaomba."

Kwa asiyejua kushona: suruali ina mishono mingi, lakini mmoja ndio unaobeba mzigo, ule wa nyuma, unaotoka kiunoni, unapita katikati na kwenda kukutana na mapaja. Akikaa, akiinama, akipanda pikipiki, presha yote ya mwanaume inakwenda pale. Fundi mwenye akili anaupitisha mara mbili kwa uzi mzito. Tantine akaushona kwa uzi wa kushikizia, kale kauzi kembamba ambako mafundi wanatumia kushika kitambaa kwa muda wakati wa kujaribisha, kisha wanakatoa. Akapiga pasi. Ukiitazama suruali ile, ungemwita fundi wa mawaziri.

Akanionyesha akicheka bila sauti. "Akisimama, itashika. Akitembea pole pole, itashika. Akipata presha…" Akapuliza midomo yake ikafanya mlio ambao sitauandika.

"Na ikipasukia barabarani?"

"Atavumilia."

Mambo yangeishia hapo yangekuwa mepesi. Lakini wiki ile ile ya posa, daktari mpya wa kliniki, Dokta Uwase, akampigia Tantine simu: picha haiwezi kusubiri tena, na safari hii dawa itapita kwenye mpira wa kifuani kwa nguvu ndogo, mkono hautaguswa. Asubuhi ya siku ya picha Jolie akapitia kibandani, akachukua suti ya mchumba wake ikiwa imening'inizwa vizuri ndani ya mfuko, akatukumbatia wote, akaenda. Sisi tukaenda kliniki. Nilimsindikiza kwa sababu mume wake alikuwa na geti la mtu, na pia, nisiwadanganye, nilitaka kuona.

Tukakaa kwenye benchi. Mbele yetu alikuwa mzee wa Bugarama, mkulima wa mpunga, matope yamekaukia kwenye viatu vyake. Mke wake alikuwa amefariki asubuhi ile ndani ya kliniki. Alikuwa analia bila kufunika uso. Rutayisire akatoka kwenye chumba chake, akamwona, akapiga magoti kabisa pale chini na suruali yake ya kazi, akamshika mikono yote miwili.

"Vumilia, mzee," akamwambia. Macho yake yalikuwa mekundu. "Vumilia sana. Vumilia sana."

Tantine akamvuta nesi aliyekuwa anapita. Ni Patricie, mke wa jirani yetu, tunajuana.

"Patricie, huyu mutu ana ugonjwa gani? Mutu amefiwa, yeye anamuamuru avumilie?"

Patricie akacheka, kisha akajiziba mdomo kwa sababu ya msiba. "Maman Mwavita! Haamuru. Anampa pole. Kwa Kinyarwanda tunasema 'ihangane'. Wewe ukilichukua neno kwa neno linakuwa 'vumilia', lakini ni pole yetu ile ile. Huyu wa Bweyeye anatafsiri tu. Tumemwambia, hasikii."

Tantine akamwachia. Alitazama ile mikono minne iliyoshikana. Nilimwona anarudisha ule mkanda aliokuwa ameurekodi, anausikiliza upya: ukuta, kitanda, "vumilia sana". Kumbe alikuwa amepewa pole tangu siku ile, ila ilikuja imevaa nguo ya mtu mwingine.

Wakamwita ndani, na Patricie akaniruhusu nisimame mlangoni.

"Ah! Maman wa suruali!" Rutayisire akafurahi kumwona. "Jolie anasema suti iko bomba. Kumbe unaumwa? Hukuniambia."

Patricie akapandisha mkono wa blauzi ya Tantine ili apime presha ya damu. Kovu likatoka, refu, lenye kung'aa. Rutayisire akakunja uso, kwa kweli akaumia kuliona.

"Maman, nani alikuharibu mkono hivi?"

"Weye," akasema Tantine.

Rutayisire akautazama mkono, akautazama uso, na kwa mara ya kwanza nadhani akaona kwamba vitu hivyo viwili ni vya mtu mmoja. Akafungua mdomo. Tantine akangoja. Mimi nikangoja. Patricie akaacha kupima presha, akangoja. Angesema chochote wakati ule, kwa lugha yoyote, hata Kichina. Akafunga mdomo. Akageuka kunawa mikono.

Lakini nisiwe mwongo: kazi aliifanya. Dokta Uwase alikuja kusimama hapo hapo. Walitazama kwanza radio ya kifua, ile eksirei, kuhakikisha ncha ya mpira imekaa mahali pake. Rutayisire akasoma maandishi madogo kwenye ule mkia yanayosema unakubali kasi gani, akayasoma tena kwa sauti mbele ya daktari. Akavuta kidogo kwa bomba la sindano, damu ikarudi vizuri. Akasukuma maji ya chumvi kwa mkono wake mwenyewe, pole pole, kidole kimoja juu ya ngozi kusikia kama kuna kinachovimba. Pampu akaishusha nguvu, akaiwekea kikomo kwamba presha ikizidi isimame yenyewe. Akachelewa kuondoka. Alikimbilia kwenye kioo dakika ya mwisho kabisa, na safari hii hakutazama skrini. Kichwa chake kilikuwa kimegeukia kwenye dirisha, kinamtazama mgonjwa.

"Unasikia nini?" akauliza kwenye spika.

"Joto."

"Joto ao moto?"

"Nimesema joto!"

Mpira haukupasuka. Wakausafisha kwa maji ya chumvi ili usizibe, wakafunga vifuniko. Dokta Uwase akamwonyesha picha: mishipa inawaka kama barabara zenye taa, na tezi zimelala, hakuna hata moja inayonyanyua kichwa. Tantine akasema Alhamdulillahi, akalia kidogo, akajipangusa kwa kitenge.

Rutayisire alisimama nyuma ya daktari muda wote huo. Hakusema neno.

Tulipotoka nikamwambia, "Tantine, mupigie Jolie. Sema kuna mshono ulisahau. Bado kuna muda." Simu ilikuwa mkononi mwake. Aliishika mpaka tulipofika sokoni. Nilidhani tezi zimelala, pole imeonekana, moyo utakuwa mwepesi. Simjui vizuri, inaonekana.

"Ile pole ya Kinyarwanda nimeipokea," akasema mwishowe, akairudisha simu kwenye mfuko. "Ile suruali niliishona na Kiswahili."

"Tantine."

"Aliniuliza nani. Nikamuambia. Akanawa mikono!"

Tukashuka Muganza Jumamosi. Tantine alikuwa na kazi ya kuwavalisha wasichana, mimi nilibeba mfuko wa pini na pasi. Kule chini joto si la mlimani. Malori ya saruji yanapita, vumbi linatua kwenye migomba mpaka inaonekana kama imepakwa poda kwa sherehe. Mahema yalikuwa yamefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, wazee wa pande mbili wanapigana kwa maneno matamu kuhusu ng'ombe. Rutayisire akaingia na wenzake. Aliposimama, suruali ilishika. Alipotembea pole pole, ilishika. Wanawake wakapiga vigelegele, mmoja akauliza fundi ni nani. Tantine akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Alikaa kiti cha mbele, na sindano ilikuwa tayari imechomekwa kwenye ukosi wake, na uzi wake mzito.

Rutayisire alikaa ukingoni mwa kiti, mgongo wima, kwa kuwa ilimbana. Ikashika. Nikaanza kumwonea huruma Tantine.

Ndipo akaitwa kumsalimia nyanya yake Jolie. Bibi huyo miguu imemchoka, alikuwa amekaa kwenye mkeka, na masikio nayo yamechoka. Rutayisire akainama kwa adabu. Bibi hakuridhika na adabu. Akamkamata shingo kwa mikono miwili, akamvuta mpaka chini amkumbatie kama wanavyokumbatiana watu. Msemaji wa upande wa bwana alikuwa ameshusha pumzi kutafuta neno. Palikuwa kimya kabisa.

Ilipasuka kutoka kiunoni mpaka kwenye paja. Ndani kulikuwa na bukta ya njano yenye michoro ya ndizi.

"Asanteni," Bibi akasema, akiangaza pande zote. "Lakini mbona anapiga makofi mmoja tu?"

Nimeona harusi nyingi. Sijawahi kuona wazee wenye kofia na fimbo wakianguka kutoka kwenye viti. Msemaji wa upande wa kina Jolie, ambaye dakika moja kabla alikuwa anadai ng'ombe wa pili, akasema tumeshaonyeshwa mali, haina haja ya kuongeza. Jolie alijifunika uso na mabega yake yalikuwa yanatikisika, na mpaka leo hajasema kama alikuwa analia.

"Fundi! Yuko wapi fundi!"

"Niko hapa," akasema Tantine, akasimama bila haraka.

Wakamwingiza Rutayisire kwenye stoo ya mpunga. Hakukuwa na suruali nyingine, wala nafasi ya kuvua ile, watu walikuwa wanangoja. "Lala," Tantine akamwambia. Akalala kifudifudi juu ya magunia. Mlango ulibaki wazi. Wajomba wa Jolie wakaja kuchungulia, wakaanza kujadiliana juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo: kitambaa ni kibovu, hapana ni makalio, hapana ni bibi ana nguvu. Tantine hakuwafukuza. Mimi ndiye niliyeshika mlango, na yeye akanipa jicho la kusema niuache.

Akaanza kushona, taratibu, ncha ya sindano ikipita upana wa unywele kutoka kwenye ngozi.

"Usitikisike."

"Maman… uzi ule wa kwanza…"

"Haukubali presha," akasema Tantine. "Nilijua."

Rutayisire akageuza shavu kwenye gunia. Mkono wa kulia wa Tantine ulikuwa hapo hapo usoni pake, karibu kuliko alivyowahi kuwa na mgonjwa yeyote, hana ukuta wa kutazama. Akaona kovu. Akaona kidole gumba na cha pete vinavyohangaika na sindano, vile viwili vimesimama kando, havina kazi. Sindano ikaanguka. Tantine akaiokota. Ikaanguka tena. Hakuwa anaiangusha makusudi, hilo naweza kuapa. Ila hakuwa anaharakisha kuiokota.

"Walinikataza," akasema Rutayisire ndani ya gunia. "Mkuu wa kliniki. Alisema nikikuambia neno, nimekubali kosa."

"Na mkuu iko hapa, katika mupunga?"

"Hapana."

"Basi."

Sindano ikapita mara kadhaa, ndipo Rutayisire akasema. "Ulipiga kelele ya mkono. Nilisikia. Nikaangalia skrini." Akautazama tena mkono. "Mimi njo nilikosa. Pole, Tantine."

Wajomba mlangoni walisikia. Tantine naye akavuta uzi. Aliupitisha mshono mara ya pili, kwa uzi mzito, kutoka kiunoni mpaka mwisho, mshono ambao hata akizikwa nao mchwa watauacha. Akakata uzi kwa meno.

"Simama. Inama."

Akainama.

"Inama kabisa, kama mbele ya Bibi."

Akainama kabisa. Ikashika. Akamsukuma mgongoni kuelekea kwenye vigelegele, naye akaenda, na posa ikapita, na hata ng'ombe wa pili akatolewa kwa sababu wazee walikuwa bado wana furaha.

Jioni tulipokuwa tunapanda milima kurudi Kamembe nilimuuliza, "Sasa umeridhika?"

Alikuwa ameuweka mkono wa kulia juu ya paja, anajaribu kuukunja kwa msaada wa ule wa kushoto. Kidole cha shahada kikarudi wima. Cha kati kikarudi wima.

"Suruali ilikuwa ya kidole kimoja," akasema. "Kiko kingine."